Mdudu rafiki aliyelala: mafuta yake, jeni zake, na kwa nini friji peke yake haitoshi

Mpasua Wadudu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Kwenye uzi ule wa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, watu walibishana mpaka ukafungwa, na hoja kubwa ya upande mmoja ilikuwa hii: mdudu rafiki, yule anayemsaidia mkulima, ni mdudu tu, mtie kwenye friji atalala, mtoe ataamka, kisha mwachie shambani. Nimeona bora nifungue uzi wa peke yake, maana hapo ndipo wengi wanapochoma hela. Friji inampoza mdudu, basi. Kulala kwenyewe ni habari nyingine, na kunaanza mapema kabla baridi haijafika, ndani ya tumbo lake.

Nitamtumia mbawakawa wa madoa saba, Coccinella septempunctata, yule mwekundu wa Ulaya na Asia anayekula vidukari tangu akiwa buu. Huku kwetu tunao ndugu zake kina Cheilomenes, lakini wa madoa saba ndiye aliyechunguzwa sana, zamani kule Ucheki na Ivo Hodek, siku hizi China. Majira ya baridi anayapitisha akiwa mkubwa tayari, amejificha chini ya majani makavu na mawe. Hali hiyo inaitwa dayapozi. Usiichanganye na kuzubaa kwa sababu ya baridi. Mdudu aliyezubaa, ukimpasha joto, ndani ya dakika chache anatembea na anatafuta chakula. Aliye kwenye dayapozi unaweza kumpasha joto, ukamwekea na vidukari mbele yake, na bado hatagi.

Ukimpasua jike wa namna hiyo chini ya hadubini utaelewa haraka. Unakata pembeni mwa tumbo kwa mkasi mdogo, unafunua mgongo, na cha kwanza kuelea kwenye maji ya chumvi unayompasulia ni mapande ya rangi ya krimu, yamejaa mpaka utumbo hauonekani. Hiyo ndiyo tishu ya mafuta. Kwa mdudu inafanya kazi ya ini na ya ghala kwa pamoja. Ovari unazitafuta kwa sindano: vijiuzi vyembamba vinavyopitisha mwanga. Sasa mpasue mwenzake aliyekuwa akila vidukari na kutaga: mafuta haba, tumbo limejaa mayai ya njano. Jeni za hao wawili ni zilezile. Tofauti ni zipi zimewashwa, na zimewashwa lini.

Mafuta yanajengwaje? Sukari ya chakula inavunjwa mpaka inakuwa vipande vya kaboni mbilimbili. Kimeng'enya kinachoitwa ACC kinavitayarisha, kisha kingine, FAS, kinaviunganisha kimoja baada ya kingine kuwa asidi ya mafuta. Vingine vinairefusha au kuikunja kidogo ili mafuta yasigande kwenye baridi. Mwisho asidi tatu zinafungwa kwenye gliseroli moja na kuhifadhiwa kama matone ndani ya seli. Kila kimeng'enya kina jeni yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, umetoka kwa mdudu ambaye si rafiki hata kidogo: mbawakawa wa kabichi wa China, Colaphellus bowringi. Mwaka 2017 watafiti walinyamazisha jeni yake ya FAS2 kwa kumdunga RNA ya nyuzi mbili, molekuli inayoizuia jeni isitoe kimeng'enya chake, wakati anajiandaa kulala. Mafuta yakapungua, na jeni za kumkinga dhidi ya shida za mazingira nazo zikalegea. Kwa hiyo jeni moja ya kujenga mafuta ikizimwa, maandalizi yote yanayumba. Kwa wa madoa saba nako jeni za kujenga asidi za mafuta zimefuatiliwa kwa mtindo huohuo.

Sasa zingatia saa. Jeni hizi zinapanda wakati chakula bado kipo na jua bado kali. Mdudu anakula kama mtu wa daku, kabla ya adhana. Ukishaingia usingizi wenyewe, ujenzi wa mafuta unashuka na kazi inabaki kwa vimeng'enya vya kuyavunja kidogo kidogo. Gramu moja ya mafuta inatoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na ikichomwa inaacha maji takriban gramu moja. Kwa kiumbe asiyekula wala kunywa kwa miezi, hayo maji si jambo dogo.

Karibuni kwa maswali. Matusi yabaki kule kwenye uzi uliofungwa.

---

Shamba_Darasa

Mkuu shikamoo kwa nondo hizi. Swali: nani anamwambia huyo mdudu kwamba baridi inakuja? Maana umesema jua bado kali.

---

Mpasua Wadudu

Marahaba kiongozi. Urefu wa mchana ndio unaomwambia. Berlin mchana wa Desemba ni wa takriban saa 8, wa Juni unapita saa 16. Joto linadanganya, mchana haudanganyi. Ubongo wa mdudu unapima, na mchana ukipungua kufikia kiwango fulani unavipa amri vitezi viwili vidogo nyuma yake viache kutoa homoni ya uchanga.

Jina hilo linapoteza watu. Kwa buu inamzuia asikue haraka, lakini kwa mdudu mkubwa ndiyo inayoamuru uzazi: tishu ya mafuta itengeneze protini ya kiini cha yai, na ovari ziipokee. Homoni ikikatika, ile tishu inaacha kazi ya mayai na kuanza kujaza matone ya mafuta. Jan de Wilde na wenzake kule Wageningen walishalionyesha hili kwa mbawakawa wa viazi mwanzoni mwa miaka ya 1960: ukimtoa vile vitezi, anafanya kama mchana umefupika, anaacha kutaga na kuchimba ardhini. Mpake dawa inayoiga homoni hiyo, anaamka.

Kwa hiyo tumbo moja, tishu moja, kazi mbili zinazogombania chakula kilekile.

---

Mpita Njia

Wakuu mimi nimekuja kusoma tu ila naomba kuuliza kwa niaba ya kitambi changu. Hizo ACC na FAS na sisi tunazo? 😂

---

Mpasua Wadudu

Unazo zote mbili, tena zinafanana sana na za mdudu. Ila usije ukamlaumu mbawakawa kwa kitambi chako.

Swali lako lina utamu wake lakini. Kwetu sisi, insulini ikiwa juu ndipo mafuta yanawekwa. Sasa mwangalie mbu Culex pipiens wa nchi za baridi. Mdudu huyu si rafiki wa mtu, ila bila yeye tungekuwa gizani, maana maabara ya David Denlinger kule Ohio imemchambua mpaka basi. Jike akijiandaa kulala anaacha damu kabisa na kuhamia kwenye maji matamu ya maua. Jeni za vimeng'enya vya kumeng'enya damu zinashuka, ya FAS inapanda. Hilo lilichapishwa 2005. Mwaka 2008 wakaonyesha kinachoendesha mchezo: njia ya insulini inazimwa, na ikizimwa inaiachia huru protini inayoitwa FOXO. Walipomnyamazishia FOXO mbu anayejiandaa kulala, mafuta hayakujaa. Walipozima kipokezi cha insulini kwa mbu asiye na mpango wowote wa kulala, ovari zake zikagoma kukua, utadhani naye yuko kwenye dayapozi.

Yaani insulini inashuka na mafuta yanapanda. Mtu aliyezoea fiziolojia ya binadamu lazima akune kichwa. Nadhani ukiitazama insulini kama ishara ya kukua na kuzaa inaingia akilini kirahisi: ukuaji ukisimamishwa na chakula kikaendelea kuingia, kitaenda wapi kama si ghalani?

---

Mpita Njia

Nimeelewa. Kitambi changu nimesimamisha ukuaji.

---

Shamba_Darasa

😂😂 Turudi shambani. Mimi kilio changu ni hiki. Jamaa yangu yuko Marekani, aliagiza hao wekundu mtandaoni kwa ajili ya bustani yake. Mfuko umefika wamelala wazima kabisa, akawaachia asubuhi kwenye waridi zenye vidukari. Kesho yake hakuna hata mmoja, na vidukari vipo palepale. Muuzaji hataki kurudisha hela. Kapigwa au vipi?

---

Mpasua Wadudu

Karibu kila anayeagiza wale anasimulia hivyohivyo, na jibu liko kwenye mafuta.

Wanaouzwa kwa wingi kule ni Hippodamia convergens. Hawafugwi, wanazolewa. Bonde Kuu la California vidukari vikiisha mwanzoni mwa kiangazi, wanaruka kwenda milima ya Sierra Nevada, wanajazia mafuta kwa chavua na maji ya maua, kisha wanajikusanya kwenye mabonde ya mito kwa maelfu na maelfu, wamebandana mpaka mawe hayaonekani. Wanakaa huko miezi kama 9. Wauzaji wanapanda na magunia. Biashara hiyo ina zaidi ya miaka 100.

Sasa fikiria mwili wa mdudu uliyemnunua. Ghala limejaa, homoni ya uzazi iko chini, njaa hana. Kitu kimoja tu kimeandikwa kwenye mpango wake akipata joto: kuruka kutoka mlimani kurudi bondeni. Unamwachia kwenye waridi, anatekeleza mpango. Vidukari wala hajaviona kama chakula cha haraka. Wapo wanaowanyunyizia maji na kuwaachia jioni ili wasiruke, inasaidia kidogo. Wataalamu kule wanashauri bora ununue waliofugwa, au mabuu, kwa sababu buu hana mbawa na hana dayapozi ya kumaliza.

Na kero nyingine ambayo watu hawaitaji: ukizoa mdudu porini unamzoa na maadui zake. Kuna nyigu mmoja, Dinocampus coccinellae, anataga ndani ya mbawakawa hao. Unasafirisha rafiki, na adui wa rafiki yumo humo humo.

---

Asali_ya_Miombo

Mkuu mimi ni mfugaji nyuki Tabora. Nyuki si mdudu rafiki namba moja? Nao wanalala? Mbona wa kwangu kiangazi wakikosa maua wanahama mzinga, sijaona akilala hata mmoja.

---

Kibarua wa Bremen

Naomba nimjibu huyu kaka maana ni eneo langu. Nafuga nyuki huku Ujerumani, mizinga michache tu ya kujifurahisha.

Nyuki wa huku hawaingii dayapozi kamili. Wanajikusanya mpira mmoja ndani ya mzinga, wanatetemesha misuli na kula asali ili wapate joto. Lakini nyuki kibarua wa majira ya baridi ni tofauti kabisa na wa kiangazi. Wa kiangazi anaishi wiki 4 hadi 6. Wa baridi anafika miezi 6 au zaidi. Malkia mmoja, jeni zilezile.

Siri iko kwenye ile tishu ya mafuta aliyoitaja mwanzisha uzi. Nyuki anayezaliwa wakati majana, yaani watoto wa mzinga, yamepungua hana wa kumnyonyesha, kwa hiyo chavua anayokula inabaki mwilini. Tumbo lake limejaa mafuta na protini iitwayo vitelojenini. Ni ileile protini ya kiini cha yai, ila kibarua hatagi, basi kwake inakuwa akiba ya chakula, tena inampunguzia kuzeeka. Gro Amdam, mwanamama wa Norway, amelifanyia kazi sana hilo. Kundi lake lilishawalinganisha nyuki wa asili ya Ulaya na wale wa asili ya Afrika waliosambaa Amerika, na wa Ulaya wakaonekana na vitelojenini nyingi zaidi. Kwa hiyo wa kwako, Apis mellifera scutellata, hakurithi mpango wa baridi kwa sababu hakuuhitaji. Anahama. Ukimuuliza yeye atakwambia hiyo ndiyo akili.

Huku tunaogopa zaidi kupe varroa. Miaka mingi tuliambiwa anafyonza damu ya nyuki. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake wakatia rangi mbili zinazong'aa, moja kwenye damu na nyingine kwenye mafuta, wakaangalia tumboni mwa kupe amekula ipi. Kwa nyuki mkubwa ni mafuta! Baadaye wengine wakaonyesha kuwa kwa bundo, yaani nyuki ambaye bado anageuka ndani ya sega, hali ni tofauti, huko damu ndiyo chakula kikuu. Lakini ona maana yake kwa nyuki wa baridi: kupe anakula ghala lenyewe. Mzinga unaonekana mzima mwezi wa kumi, mwezi wa pili unakuta nyuki wafu wa kujaza kiganja tu. Ndiyo maana huku tiba inapigwa mwishoni mwa kiangazi, kabla nyuki wa baridi hawajazaliwa. Ukichelewa ukapiga Oktoba umeua kupe, ila nyuki wameshaibiwa.

---

Asali_ya_Miombo

Asante dada, nimefunguka. Varroa na huku wapo, ila hatutibu na mizinga inaendelea kukaa.

---

Kibarua wa Bremen

Ndiyo, Afrika Mashariki walithibitishwa 2009. Na kutokuwa na baridi ni sehemu ya bahati yenu, ingawa si yote.

---

Mkulima Kitale

Hamjambo nyote. Nimesoma hii maneno yote na niko na swali moja nzito. Huku tunaambiwa tutegemee wale nyigu wadogo wa kutaga ndani ya mayai ya viwavijeshi na ndani ya funza wa mabua. Hao nao wanaweka mafuta vipi na wenyewe ni wadogo kuliko nukta? Halafu nilisoma mahali kwamba hawana hata jeni ya kutengeneza mafuta. Ni kweli?

---

Mpasua Wadudu

Hapa ndipo nilikuwa naombea mtu anipeleke.

Mwaka 2010 Bertanne Visser, Jacintha Ellers na wenzao, Amsterdam, walitoa kazi iliyotikisa. Walikusanya spishi nyingi za wadudu wanaokulia ndani ya wadudu wengine, wakawalisha sukari kushiba, wakapima mafuta. Wengi hawakuongeza kitu. Nzi anayeishi hivyo hakuongeza, hata mbawakawa anayeishi hivyo naye hakuongeza, na nasaba zao haziko karibu. Maelezo yao: buu anayekulia ndani ya kiwavi anakuta mafuta yameshatengenezwa, anabeba tu. Kazi isiyohitajika inapotea. Kwa nyigu Nasonia vitripennis wakaona jeni ya FAS haipandi hata akilishwa sukari.

---

Daktari wa Mimea

Naomba nipinge hapo mkuu, habari hiyo imeshazeeka. Kundi la Joachim Ruther kule Regensburg mwaka 2021 liliwalisha nyigu hao sukari yenye kaboni nzito, wakaifuatilia. Kaboni ileile ikaonekana ndani ya asidi za mafuta. Kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba nyigu hawa hawajapoteza uwezo wa kutengeneza mafuta. Tusiwaambie wakulima kwamba jeni haipo wakati ipo na inafanya kazi.

---

Mpasua Wadudu

Sipingani na wewe, daktari, na ndiyo maana nilisema "hakuongeza", sikusema "hana". Jeni ipo, kimeng'enya kipo, na kidogo kinatengenezwa. Ubishi uliobaki ni kama hicho kidogo kinatosha kumjazia ghala. Kwa kipimo cha mzani kwa wengi wao hakitoshi: mdudu anazeeka na mafuta yake yanapungua tu, ale sukari asile.

Kwa mkulima wa Kitale maana yake ni moja. Akiba ya nyigu inategemea mwenyeji wake, yaani mdudu ambaye nyigu huyo alikulia ndani yake. Akitoka kwenye yai dogo au kiwavi aliyekonda, anaanza maisha na deni, na sukari ya maua itampa nguvu ya kuruka bila kumrudishia ghala. Kwa hiyo maua pembeni mwa shamba yapande, yanamrefushia maisha, lakini nyigu aliyefugwa kwenye mwenyeji dhaifu ni dhaifu.

Na kuhusu kulala: Nasonia analala akiwa buu, na anayeamua ni mama yake. Mama akiona michana mifupi, wanawe wanalala. David Saunders alilieleza hilo miaka ya 1960. Miaka ya karibuni imeonekana kwamba ukinyamazisha jeni za kuweka alama za kikemikali juu ya DNA, mama anashindwa kutofautisha mchana mrefu na mfupi. Jeni hazikubadilika herufi hata moja.

---

Mkulima Kitale

Sasa huku kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima. Hao wa huku watalala vipi?

---

Mpasua Wadudu

Umegusa penyewe. Kitale mchana hautofautiani ila kwa dakika chache mwaka mzima. Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi na ikweta, ni takriban dakika 50 kati ya mchana mrefu na mfupi. Wadudu wa huku wanasoma zaidi ukame na ubora wa chakula. Funza wa mabua, Busseola fusca, analala ndani ya bua kavu kiangazi kizima na maji ya mvua za kwanza ndiyo yanayosaidia kumwamsha. Huyo ni adui, lakini angalau anatuonyesha kengele ya huku inapigwa na nini.

---

Shamba_Darasa

Kwa hiyo mkuu, kikundi chetu tukitaka kufuga hao wadudu rafiki na kuwaweka akiba msimu wa mahindi usijafika, tununue friji au tusinunue?

---

Mpasua Wadudu

Nunueni, ila friji ndiyo hatua ya mwisho. Kwanza jueni kama spishi yenu ina dayapozi. Kama haina, baridi itamzubaisha tu huku akichoma mafuta ambayo hakuyajazia, na kumhifadhi kwake ni siku chache, miezi sahauni. Kama anayo, mpeni ishara yake wakati bado anakula: taa za saa chache, joto la wastani, chakula cha kutosha. Wafugaji wa Ulaya wa Trichogramma, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, wanafanya hivyo, wanawaingiza kwenye dayapozi wakiwa bado ndani ya yai la mwenyeji, ndipo wanawapeleka kwenye baridi kwa miezi. Bombus, wale nyuki wanene wenye manyoya wanaouzwa ili wachavushe nyanya, wana kanuni yao pia: malkia mwenye uzito chini ya gramu 0.6 anapoingia kulala hafiki mwisho, wanampima kabla.

Na kabla ya kufunga mlango wa friji, toeni wachache mkawapasue. Ovari nyembamba na mafuta yamejaa, funga. Mayai bado yapo, warudisheni kwenye taa waendelee kula.

---

Mpita Njia

Hadubini shilingi ngapi?

---

Mpasua Wadudu

Ya kupasulia wadudu haihitaji kukuza sana, mara 20 hadi 40 inatosha. Ulizieni kwenye maduka ya vifaa vya maabara za shule, mtapata hata iliyotumika. Mkasi mdogo wa upasuaji wa macho na sindano mbili, basi.